Kilowati ngapi kusudi bidoni ijae? Kisa cha maji ya kartie moja ya juu, hapa Goma

Kwa nini tunaandika hiki kisa

Watu wenye wanafanya projet za maji huku kwetu wanajua kuhesabu watu, wanajua kuhesabu metre za tiyo, wanajua kuhesabu fonteni, lakini umeme njo inahesabiwa mwisho, mara nyingi ku laini moja tu ya devi (karatasi ya makisio ya bei), na ile laini moja njo inakuja kuua projet muzima wakati wafadhili wameshaenda na comité imebaki peke yake na fakture. Kisa hiki ni cha kweli. Jina ya kartie nimetoa, majina ya watu na ya shirika nimetoa, na namba nimezizungusha ama kuzisogeza kidogo kusudi fasi isijulikane. Lakini hesabu zinashikana, mtu anaweza kukamata kalkuleti na kuzirudilia moja kwa moja.

Nimeandika kwa ajili ya comité za maji, fontenie (mtu mwenye anachunga tiyo na fonteni), vijana wa teknike, na hata shefu wa avenue mwenye analetewa devi asaini bila kuelewa kilowati-saa ni kitu gani (ni nishati yenye mashini ya kilowati moja inakula mu saa moja).

Fasi yenyewe

Mwenye hajafika Goma anaona ziwa pale chini, anasema nyinyi muna maji mingi, shida iko wapi? Shida iko hapa: ziwa Kivu iko karibu metre 1460 juu ya bahari, uwanja wa ndege wetu iko karibu metre 1550, na mji unaendelea kupanda polepole kuelekea Nyiragongo, yenye inafika metre 3470. Tunaishi juu ya lava. Mvua inanyesha sana lakini maji yote inazama mu mawe, mu mji hakuna mto wenye unapita. Kuko miji mingine yenye inakamata maji ku mulima na kuiteremsha bila kulipa umeme hata kidogo, sisi tunafanya kinyume, maji iko chini na watu wako juu, na mji unaendelea kukua kuelekea juu. Ndio maana kila mara umeme inaanguka, maji nayo inafuata. Tuliona mwaka 2021 wakati volkano ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano na lava ikaharibu tiyo na rezervuari upande wa kaskazini, na tuliona tena mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 wakati wa vita, umeme ilikatika, robine zikakauka, watu wakashuka ku ziwa na bidoni.

Kartie ya kisa hiki iko upande wa juu. Watu karibu 9000. Chini yake kuko bashi, ni kusema tanki ya chini yenye inajazwa na tiyo kubwa ya mji. Pale pompi inakamata maji, inaisukuma mu tiyo ya plastiki ya milimetre 110, urefu wa metre 2200, mpaka ku rezervuari ya juu, kisha maji inashuka ku fonteni kwa uzito wake yenyewe. Comité iko na mama prezida, trezorie, wazee wawili wa avenue na kijana mmoja fontenie mwenye anajua kila fasi tiyo inapita, na bila huyu kijana hakuna hesabu yetu hata moja ingewezekana.

Devi ya kwanza

Shirika lenye lilijenga mfumo liliacha karatasi ya ukurasa mmoja yenye kichwa kuhusu mahitaji ya nishati. Hesabu ilikuwa hivi: watu 9000 mara lita 15 kwa siku inafanya metre kibe 135. Urefu wa kupandisha, metre 80. Metre kibe moja ni kilo 1000, kuipandisha metre moja inadai kilojule 9,81, ndio kusema kilowati-saa 0,002725. Basi 135 mara 80 mara 0,002725 inafanya kilowati-saa 29 na kitu. Wakaandika 30 kwa siku.

Fizike iko sawa, hakuna mtu anaweza kuibisha. Lakini ile 30 ni nishati yenye maji ingekula kama pompi ingekuwa haipotezi kitu, kama tiyo haikwaruzi maji, kama hakuna hata tone moja linamwagika njiani, na kama umeme ingekuwa pale siku yote. Ni namba ya chini kabisa yenye sheria za dunia zinaruhusu, na mtu alikamata ile namba akaifanya bajeti.

Tena namba mbili za mwanzo zenyewe zilikuwa na shida. Lita 15 kwa mtu ni kiwango cha chini cha urgence, kile cha ku kambi ya wakimbizi. Watu wa kartie hawako mu urgence, wanafua, wanapika, kuko mama wenye wanauza chakula, kuko watu wanajenga. Na metre 80 zilipimwa na GPS ya telefone, kutoka ku udongo wa bashi mpaka ku udongo wa rezervuari. Maji haianzii ku udongo. Inaanzia ku uso wa maji mu bashi wakati bashi iko karibu kuisha, na inaishia ku mdomo wa tiyo pale juu ya rezervuari, yenye imesimama ku miguu yake. Tulipopima na nivo, chombo cha kupima urefu wa udongo, tulipata metre 96. Metre 16 za tofauti si kitu kidogo, ni sehemu moja kwa sita ya kazi yote, na utazilipa kila siku mpaka ile pompi ife.

Vile mambo ilienda

Pompi yenye walinunua ilikuwa ya metre kibe 12 kwa saa. Walifikiri itatumika masaa 12 kwa siku. Mwezi wa kwanza umeme ilikuwa nzuri na watu walifurahi. Kisha umeme ya lile eneo ikashuka, kwa kawaida masaa 8 hivi kwa siku, na si masaa yenye yanafuatana, mara asubui kidogo, mara usiku wa manane. Pompi nayo ilikuwa inatoa kama metre kibe 10 kwa saa sababu urefu wa kweli ulikuwa mkubwa kuliko ule wa ku karatasi. Masaa 8 mara 10, metre kibe 80. Ondoa ile yenye inavuja, yenye tulikuja kupima baadaye kuwa robo nzima, inabaki 60. Gawa kwa watu 9000 na unapata lita 6 na kitu kwa mtu. Bidoni moja kwa watu watatu.

Comité ikafanya kile chenye comité yoyote ingefanya, wakawasha gurupu, ni kusema mashini ya mazutu yenye inatengeneza umeme. Gurupu ilikuwa ya kVA 40 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa gurupu), kubwa sana, na pompi ilikuwa inakula kilowati 5 na nusu tu hivi. Gurupu kubwa yenye inabeba mzigo mdogo inakunywa mazutu bila faida. Fontenie alipima na bidoni yenye alama: karibu lita 3 kwa saa, ni kusema kilowati-saa kama 1,8 kwa lita moja, wakati gurupu yenye imebebeshwa vizuri inaweza kufika 3. Ukifanya hesabu, kila metre kibe yenye ilifika kweli ku bidoni wakati wa gurupu ilikula karibu lita 0,4 ya mazutu. Metre kibe moja ni bidoni 50. Mama prezida alikuwa anaandika kila kitu mu kaye yake, mapato upande huu, mazutu upande ule, na kaye ilionyesha wazi kama siku za gurupu zaidi ya nusu ya pesa ya bidoni inaingia mu tanki ya mazutu, kabla ya kulipa fontenie, kabla ya kununua klore, kabla ya kutengeneza hata robine moja.

Bei ikapanda. Familia zenye hazina kitu zikarudi ku ziwa. Wengine wakanunua ku watu wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo) kwa bei mbaya zaidi. Hapa Goma kila mtu mzima anajua kolera ni nini, mwaka 1994 iliua maelfu mengi ya wakimbizi mu muda mfupi hapa hapa kwetu, na mpaka leo kuko watu wanasimama kando ya ziwa kuweka dawa mu bidoni. Kwa hiyo kosa la kilowati-saa ku karatasi haibaki ku karatasi, inafika mu tumbo ya mtoto. Ninaandika hivi bila kuongeza chumvi.

Mu mkutano mmoja mzee wa avenue alimuuliza muteknisie wetu: "Mwanangu, pompi ni mbovu ama umeme ni kidogo?" Akamjibu, "Mzee, pompi inafanya kazi vizuri, ni hesabu njo ilikuwa ya kartie ingine." Pale njo comité ilikubali turudilie kila kitu toka mwanzo.

Hesabu mpya, kuanzia ku bidoni na kurudi nyuma

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mpangilio tu, lakini njo ulibadilisha yote: tusianze ku pompi, tuanze ku bidoni yenye imejaa mlangoni mwa nyumba, tukirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ku kontere ya umeme. Kila hatua inaongeza kitu.

Bidoni. Vijana wa comité walikaa ku fonteni wakihesabu bidoni, kisha wakapita mu nyumba kuuliza wangechota ngapi kama maji ingekuwepo siku yote. Swali la pili njo la maana, sababu ukihesabu tu bidoni zenye zinachotwa wakati wa ukame unapima ukame, haupimi mahitaji. Tukakubaliana bidoni moja ya lita 20 kwa mtu kwa siku. Metre kibe 180.

Kuvuja. Usiku fonteni zote zikafungwa, rezervuari ikapimwa na fimbo jioni na asubui. Tukaongeza ile yenye inapotea ku robine zenye hazifungi vizuri na ile ya kuosha rezervuari. Robo ya maji yenye inasukumwa haimfikii mtu. Basi kusudi 180 ifike, inapashwa kusukuma 240. Na hii njo kitu watu wanasahau: maji yenye inavuja kule juu imeshalipiwa umeme yote ya kupanda, si maji tu yenye inapotea.

Masaa. Umeme masaa 8, basi 240 gawa na 8, metre kibe 30 kwa saa. Kama umeme ingekuwa masaa 20, ingekuwa 12 tu kwa saa. Ni maji ile ile, lakini hatua yenye inafuata itaonyesha kwa nini si sawa.

Tiyo. Tiyo ya 110 ya PN16 (ni kusema inavumilia presha ya bar 16), ndani iko na milimetre 90. Ukipitisha metre kibe 30 kwa saa mu milimetre 90, maji inakimbia metre 1,3 kwa segonde, na mkwaruzo ku metre 2200 unakula karibu metre 43 za urefu, kwa hesabu ya Hazen-Williams, formule ya mkwaruzo wa maji mu tiyo, na tiyo laini. Ongeza viwiko na vane, tunafika 46. Ni kusema pompi inaona mulima wa metre 142, si 96. Sasa angalia: kwa metre kibe 12 kwa saa, ile tiyo moja inakula metre 8 tu. Mkwaruzo hauongezeki sawa na debi, ni kusema metre kibe zenye zinapita kwa saa; ukizidisha debi mara mbili mkwaruzo unazidi mara tatu na nusu hivi. Ndio maana umeme ya masaa machache inafanya maji iwe ghali hata kama bei ya kilowati-saa haijabadilika. Kartie yenye inapewa masaa 8 inalipa zaidi kwa kila lita kuliko kartie yenye inapewa masaa 20, na hakuna mtu anaandika hii popote ku fakture.

Pompi na motere. Rendema (sehemu ya umeme yenye inageuka kazi ya kweli) ya pompi, ya motere, ya waya, zote pamoja, tulikamata 52 kwa mia. Watu wa duka watakuambia 70, na 70 iko kweli, lakini ni ya pompi peke yake, mpya, ku pointi yake nzuri, ni kusema ku debi yenye inaifaa kuliko zote.

Hesabu ya mwisho: 240 mara 142 mara 0,002725 gawa na 0,52. Inafanya kilowati-saa 179 kwa siku.

Devi ilisema 30.

Mu mkutano namba hii ilileta kimya, na trezorie akauliza kama basi tufunge tu kila kitu. Lakini uzuri wa kuhesabu kwa kurudi nyuma ni kwamba unaona kila hatua inakula ngapi, na unaweza kuuliza kila hatua kama inaweza kupunguzwa.

Maamuzi na sababu zake

Tiyo njo ilijadiliwa zaidi. Kuko wenye walitaka kung'oa ya 110 na kuweka ya 160, yenye ingeshusha mkwaruzo mpaka metre 8 hivi na umeme mpaka 131. Wengine walitaka kuweka tiyo ya pili ya 110 kando ya ile ya kwanza, maji igawanyike mara mbili: mkwaruzo unashuka ku 13 na umeme inakuwa 137. Tofauti ya umeme ni kidogo, na kuchimba mu lava ni kazi ya jasho na burini, inagharimu karibu sawa ukiwa unalaza tiyo kubwa ama ndogo. Comité ikachagua tiyo ya pili. Sababu yao ilikuwa nzuri kuliko yetu sisi wa hesabu: tiyo moja ikipasuka, ile ingine inaendelea, na mtu hakai wiki nzima bila maji.

Kuvuja: tulilenga kushuka kutoka 25 mpaka 12 kwa mia. Hii ilikuwa kazi ya bei ndogo kuliko zote, joe za robine (mipira ya kuzuia maji), vane tatu, na fasi mbili tiyo ya kushusha ilikuwa imelazwa juu ya mawe makali bila mchanga chini. Maji ya kusukuma ikashuka toka 240 mpaka 205, na sababu debi ilishuka mkwaruzo nao ukashuka tena. Kilowati-saa 114.

Kisha kijana fontenie akasema kitu chenye hakuna injenia alikuwa amekiona. Alisema, "Lakini watu wa avenue za chini, wanakunywa maji yenye ilipanda mpaka juu ikarudi tena kwao." Ni kweli. Sehemu moja kwa tatu ya watu wanaishi fasi zenye hazifiki metre 45 juu ya bashi. Kila lita yao ilikuwa inapandishwa metre 96 halafu inateremshwa, na ule urefu wenye umelipwa unaishia kupasua robine kwa presha. Tukaweka tanki ndogo ya kati ku kiwanja ya kanisa moja, na pompi ndogo yake peke yake. Kwa wale watu pompi inaona metre 50 badala ya 105. Hesabu ikashuka ku kilowati-saa 93 kwa siku, karibu nusu ya 179, na bidoni za mtu ni zile zile.

Gurupu: ile ya kVA 40 ilikuwa imenunuliwa kubwa kwa sababu motere ikiwaka moja kwa moja inavuta kuran mara 5 mpaka 7 ya kawaida, ni segonde chache lakini gurupu ndogo inazimika. Tulinunua demarere ya kuwasha polepole, na gurupu ikawezekana kuwa ya kVA 25. Hapa inapashwa kukumbuka urefu wetu: hewa ya Goma ni nyepesi, motere ya mazutu bila turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu yake ama zaidi, kwa hiyo kVA yenye imeandikwa ku sahani si kVA yenye utapata. Pompi nazo zinaonja ile hewa. Ku usawa wa bahari hewa inaweza kusukuma maji kupanda metre 10,3 mu tiyo ya kuvuta, hapa kwetu ni 8,7 tu, na ukitoa mkwaruzo na mengine usitegemee zaidi ya 5 ama 6. Pompi ya kwanza ilikuwa imewekwa juu ya bashi na ilikuwa inapiga kelele kama inatafuna changarawe, kila siku inajila yenyewe. Pompi mpya zote mbili tuliziweka chini ya usawa wa maji.

Sola tuliiacha kwa sasa. Watu wengi waliuliza kwa nini, na ni swali ya haki. Kilowati-saa 93, tukikamata masaa 4 ya jua kamili na hasara ya 30 kwa mia, zinadai pano za kilowati 33, ni metre karare zaidi ya 150 za kiwanja chenye hakina kivuli, mu mji wenye parsele ni mali, pamoja na ulinzi wa usiku na vumbi ya volkano ya kufuta. Tena jua ni masaa machache, debi inapanda, mkwaruzo unapanda. Tuliona heri kwanza kupunguza mahitaji, maana mwenye angenunua pano kabla ya kutengeneza vane angenunua karibu mara mbili zaidi.

Matokeo

Kontere mbili ziliwekwa, moja ya umeme na moja ya maji pale pompi inatokea, na mama prezida akaongeza safu mbili mu kaye yake. Nyuma ya msimu mmoja wa mvua na mmoja wa jua wastani ulikuwa hivi: watu wanachota metre kibe 165 kwa siku, na umeme ni kilowati-saa 104. Ni kusema 0,63 kwa metre kibe yenye imefika, wakati tulitabiri 0,52. Mfumo wa zamani ulikuwa karibu 0,75, na ulikuwa unatoa sehemu moja kwa tatu tu ya maji ya leo.

Siku za gurupu zimebaki, lakini mazutu kwa kila metre kibe imeshuka karibu nusu, ju ya mambo mawili kwa pamoja, pompi inadai kidogo na gurupu inabeba mzigo wenye unaifaa. Bei ya bidoni ilirudi pale ilikuwa mwanzo. Avenue za chini zina maji karibu kila siku. Avenue ya mwisho kabisa kule juu bado inakosa wakati umeme inakatika siku mbili zikifuatana.

Uchambuzi: yenye ilienda vizuri na yenye haikuenda

Tofauti kati ya 93 na 104 tuliitafuta, sababu tofauti yenye haielezeki itakua. Kuvuja hakukufika 12, kulibaki 17. Robine zinavunjika upya, na fontenie ni mmoja. Ile ingine ni rendema: ukikamata maji ya kweli na urefu wa kweli, unapata 45 kwa mia badala ya 52. Pompi kubwa ilichaguliwa wakati tulikuwa tunafikiri debi kubwa zaidi, kwa hiyo inafanya kazi pembeni ya pointi yake nzuri, na voltage ya usiku ikishuka motere inapata moto na inapoteza. Kupunguza gurudumu ya ndani ya pompi ingesaidia, ni kazi ya tourneur mmoja mzuri, na hapa Goma wako.

Yenye ilisaidia zaidi, kwa maoni yangu, si tiyo. Ni kugawa kartie kwa urefu. Ilikuwa na bei ya tanki moja na pompi moja ndogo, na ilishusha umeme toka 114 mpaka 93. Kila kartie ya Goma yenye inapanda iko na watu wa chini na watu wa juu, na karibu kila mfumo wenye nimeona unapeleka maji yote juu kwanza, kwa sababu mchoro wa rezervuari moja ni rahisi kuchora. Ule urahisi unalipwa na mama mwenye ananunua bidoni.

Kitu kingine chenye kilifaulu ni kupima masaa ya umeme kabla ya kuchagua debi. Fontenie aliandika kila mara umeme ilikuja na kila mara ilikwenda, na bila ile karatasi tungehesabu na masaa 12 kama wale wa kwanza. Kwa mji wetu ningesema masaa ya umeme ni namba yenye uzito sawa na urefu wa mulima, inapashwa kupimwa, haipashwi kukisiwa.

Yenye haikuhesabiwa na inapashwa kusemwa: maji inafika ku bashi ikiwa imeshapandishwa kutoka ku ziwa, metre sitini na kitu, na ile umeme iko ndani ya bei yenye comité inalipa kwa maji, haionekani ku kontere yake. Mtu mwenye anafanya plani ya mji muzima anapashwa kuijumlisha. Kwa comité moja inatosha kujua kama kila metre kibe yenye inavuja inalipwa mara mbili, mara ya kwanza ku fakture ya maji, mara ya pili ku fakture ya umeme.

Avenue ya mwisho njo shida yenye imebaki wazi. Rezervuari ya juu inabeba maji ya siku moja tu. Kuongeza tanki ya siku ya pili hakuongezi kilowati-saa hata moja kwa siku ya kawaida, inaongeza tu fasi ya kuweka maji wakati umeme iko. Comité imeshaandika devi yake yenyewe, na safari hii ukurasa wa nishati umejazwa kuanzia ku bidoni. Wanatafuta pesa ya simenti na ya ferabeto.